Je, Wajua? Roboti Aliyekosa Kichwa, Dereva Aliyekosa Kiti

Kwetu transfoma ni lile pipa la kijivu lililo juu ya nguzo ya umeme, likilipuka usiku mtaa mzima unalala gizani. Kwa watoto waliokua miaka ya 1980 huko Japani, Marekani, Italia na Brazili, neno hilo lilikuwa na utamu mwingine: gari la kuchezea ambalo ukilivuta hapa na kulikunjua pale, linasimama kwa miguu miwili na kukutazama. Wengi wetu tumelifahamu kupitia filamu zilizoanza kutoka mwaka 2007. Mimi navutwa zaidi na midoli yenyewe, ile ya mwanzo. Umbo moja la plastiki na chuma lilivuka bahari mara kadhaa, na kila lilipotua likapewa jina jipya, hadithi mpya, na mara nyingine roho mpya kabisa.

Je, wajua kwamba mmoja wa mashujaa wa Transformers alianza maisha bila kichwa?

Anaitwa Ironhide, mzee mwekundu shupavu ambaye kwenye katuni hamwachi kiongozi wake hata risasi zikinyesha. Mdoli wake ni Nissan Vanette, gari ambalo barabara zetu zinalijua vizuri. Nchini Kenya jina Nissan peke yake liliwahi kutosha kumaanisha matatu. Sehemu ya nyuma ya kigari hicho inachomoka na kuwa jukwaa la silaha. Ya mbele inasimama kuwa roboti. Sasa mtafute kichwa. Hana. Kati ya mabega mawili kuna kioo cha mbele cha gari, na nyuma ya kioo kuna kiti. Kwenye kiti imebandikwa stika yenye sura ya roboti, kana kwamba mtu anachungulia dirishani.

Fundi hakukosea. Kampuni ya Takara ya Tokyo ilipoanzisha safu ya midoli iitwayo Diaclone mwaka 1980, roboti wake hawakuwa viumbe hai. Walikuwa mitambo, na kila mtambo ulikuwa na dereva: kijitu cha kama sentimita 3, chenye sumaku nyayoni ili kisimame juu ya chuma bila kuanguka. Magari yaliyoongezwa mwaka 1982 yalitengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 60 kusudi kijitu hicho kipate kuingia. Ndiyo maana ya milango inayofunguka, na ndiyo maana ya viti. Vanette ikisimama kuwa roboti, dereva aliyekaa pale juu ndiye kichwa, na kioo ndilo dirisha analotazamia vita.

Katika ukoo huohuo wamo Toyota Hilux wawili, mmoja mwenye kibanda cha kulala mgongoni, mwingine brekidauni ya kuvuta magari mabovu. Marekani waliitwa Trailbreaker na Hoist. Mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kusimuliwa kwa nini Hilux ichaguliwe kuwa shujaa.

Je, wajua kwa nini Megatron, mkuu wa waovu, hupungua kimo akigeuka bastola?

Kila aliyetazama katuni ya mwaka 1984 amewahi kujiuliza swali hili. Jitu la chuma lenye urefu wa nyumba linajikunja, na ghafla limekuwa bastola inayotosha kiganjani mwa mwenzake. Uzito wote umekwenda wapi?

Jibu liko dukani kwa Takara, kwenye rafu ya pili. Mbali na Diaclone, kampuni hiyo ilikuwa na safu ya Microman tangu mwaka 1974, hadithi ya viumbe wadogo sana wanaoishi miongoni mwetu. Mwaka 1983 ikazaa tawi liitwalo Micro Change, ambamo roboti walijificha katika umbo la vitu vya nyumbani kwa ukubwa wake halisi: redio kaseti ndogo, kanda, kamera, hadubini, bastola ya Walther P38. Hakuna aliyepungua wala kuongezeka. Bastola ilikuwa na kimo cha bastola, na roboti aliyetoka ndani yake alikuwa na kimo hichohicho. Hata vile vigari vifupi vinene, pamoja na Volkswagen Beetle ya njano tunayemwita Bumblebee, vilitoka huku.

Hasbro ya Marekani ilichukua rafu zote mbili, ikavimwaga vitu vyote katika kapu moja na kusema ni jamii moja. Gari lililopunguzwa mara 60 likawekwa bega kwa bega na bastola isiyopunguzwa kitu. Wachora katuni wakaachiwa mzigo wa kusuluhisha, na suluhisho lao likawa kutoeleza.

Je, wajua ni nani aliyewapa roho?

Watu wa Hasbro waliiona midoli hii kwenye maonyesho ya Tokyo mwaka 1983. Aliyewasukuma waichukue ni Henry Orenstein, mvumbuzi wa midoli mzaliwa wa Poland, Myahudi aliyenusurika kambi za mateso za Wanazi. Yeye aliona kwamba uchawi uko kwenye kule kugeuka kwenyewe, si kwenye gari wala kwenye roboti.

Ila mdoli usio na hadithi hauendi mbali, na hadithi ya madereva wadogo haikuwaingia akilini Wamarekani. Kazi ikapelekwa kwa Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni. Huko ndiko Jim Shooter alikoandika msingi wa vita vya sayari ya Cybertron, Denny O'Neil akamwita lori jekundu, kiongozi wa wema, Optimus Prime, na Bob Budiansky, kwa siku chache za mwisho wa Novemba, akawaandikia karibu wote waliobaki majina na tabia. Budiansky amesimulia kwamba Hasbro walisita kuhusu jina Megatron kwa kuwa linatisha; akawajibu kwamba yeye ndiye mwovu mkuu, kutisha ndiyo kazi yake.

Mimi humvulia kofia Budiansky kwa jambo moja hasa. Diaclone ilikuwa na Nissan Fairlady Z moja iliyotoka katika rangi mbalimbali; kalibu moja, gari moja, hasa rangi ndiyo ilibadilika. Marekani, kila rangi ikawa mtu. Mwenye rangi za polisi akawa Prowl, anayepima kila neno kwa mantiki. Mwingine akawa Smokescreen, mwenye ulimi wa asali na hila nyingi. Wa tatu akawa Bluestreak, ambaye huongea bila kupumua, na maelezo yake yanasema kisa: mji aliotoka uliteketezwa na maadui, na kumbukumbu zile zinamwandama. Mtoto wa miaka saba alisoma haya nyuma ya boksi. Nguvu, kasi na ujasiri wa kila mmoja vilichorwa kwenye grafu iliyofichwa kwa vitone vyekundu, isiyosomeka mpaka uweke juu yake kipande cha plastiki nyekundu kilichokuja ndani ya boksi hilohilo.

Madereva wakatolewa, kwa kuwa kiumbe hai haendeshwi. Viti vikabaki, kwa sababu kalibu zilikwisha kuchongwa. Watoto wa Marekani walifungua milango na kukuta viti vitupu, wala hakuna aliyewaambia vilikuwa vya nani.

Je, wajua kwamba midoli hii ilirudi nyumbani ikiwa mgeni?

Mwaka 1985 Takara iliacha kuiita Diaclone na Micro Change. Ikaanza kuwauzia watoto wa Japani midoli yao wenyewe kwa jina la Kiingereza, pamoja na katuni ya Kimarekani iliyotiwa sauti za Kijapani. Lakini haikumeza kila kitu. Optimus Prime aliitwa Convoy, kwa sababu enzi za Diaclone lori lile lilijulikana kama Battle Convoy. Jazz akawa Meister. Sideswipe, ambaye ni Lamborghini, akaitwa Lambor. Shockwave akawa Laserwave. Waovu wakaitwa Destron. Kubwa kuliko yote: Cybertron, ambalo Marekani ni jina la sayari, Japani likawa jina la kundi la wema, na sayari ikapewa matamshi ya kando, Seibertron. Shabiki wa Osaka na shabiki wa Chicago wangeweza kutaja neno moja, huyu akawaza watu, yule akawaza nchi.

Jina Convoy lilipanda cheo kadiri miaka ilivyokwenda. Japani likawa karibu sawa na kusema amirijeshi: kila kiongozi mpya wa wema alikuwa Convoy wa namna fulani, Rodimus Convoy, Beast Convoy, Fire Convoy. Mpaka filamu ya mwaka 2007 ilipokuja ndipo Japani nayo ikaanza kumwita yule wa sinema Optimus Prime.

Je, wajua kwamba watoto wa Japani waliambiwa kiongozi amekufa bila kuonyeshwa maiti?

Hili ndilo linalonigusa kuliko yote.

Agosti 1986 filamu ya katuni ya Transformers ilionyeshwa katika kumbi za Marekani. Hasbro ilitaka rafu zipate sura mpya, na ili wapya waingie, wa zamani walipaswa kutoka. Kwa hiyo mashujaa wa mwaka 1984 wakauawa mmoja baada ya mwingine mbele ya macho ya watoto. Ironhide, yule asiye na kichwa, alipigwa risasi akiwa chini, akimshika adui mguu. Kisha Optimus Prime mwenyewe akalazwa kitandani, rangi yake ikageuka kijivu. Kwa watengenezaji ilikuwa bidhaa iliyoondolewa sokoni. Kwa watoto ulikuwa msiba, na walilia ukumbini. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba mwaka 1987 Optimus akafufuliwa.

Sasa hamia Japani. Filamu hiyo haikufika huko wakati ule; ilisubiri mpaka mwaka 1989. Lakini katuni ya televisheni iliendelea, na Novemba 1986 msimu mpya ukaanza, ukiitwa Transformers 2010. Mtoto aliwasha televisheni akakuta kiongozi ni Rodimus Convoy. Convoy yuko wapi? Amekufa. Lini? Nani kamuua? Jibu lilikuwa katika filamu ambayo mtoto yule hakuwa na pa kuiona. Fikiria umetoka likizo ukakuta nyumbani kiti cha babu kina mtu mwingine, na kila mmoja anazungumza kana kwamba ulikuwepo kwenye mazishi.

Takara walilijua pengo hilo, na wakaligeuza bidhaa. Desemba 1986 walitoa mchezo wa kompyuta ya Famicom ambao jina lake, kwa Kiswahili, ni Fumbo la Convoy. Mchezaji anakuwa shujaa aitwaye Ultra Magnus, anapita katikati ya maadui. Ni mchezo mgumu mpaka leo: risasi moja tu ikikugusa, umekwisha, na maadui huanza kufyatua kabla hujajipanga. Watoto waliokuwa wakitafuta habari za marehemu wao walikufa mara mamia pale mlangoni.

Je, wajua kwamba huko Hong Kong Optimus alipewa na ukoo?

Kwa lugha ya Kikantoni Optimus Prime alitafsiriwa kuwa Or Pak-man. Linasikika kwa mbali kama Optimus, lakini ni jina kamili la binadamu, ukoo ukitangulia, kama la jirani wa ghorofa ya tatu. China bara walikwenda njia nyingine: wakamwita Qingtianzhu, nguzo inayobeba mbingu. Huko katuni ilifika mwishoni mwa miaka ya 1980, na safu yote ikaitwa Bianxing Jingang. Bianxing ni kubadili umbo. Jingang ni neno la Kibuddha linalotumika pia kwa wale walinzi wenye nyuso kali wanaosimama kwenye malango ya mahekalu. Kwa sikio la Kichina, basi, hawa hawakuwa magari yanayogeuka. Walikuwa walinzi watakatifu wanaogeuka. Kati ya majina yote niliyokutana nayo, sijaona linalolizidi hilo.

Italia, kampuni ya GiG iliuza midoli kwa jina Trasformer, bila ile n ya katikati, na kwenye katuni kiongozi akaitwa Commander. Brazili, kampuni ya Estrela ililichukua jina Optimus ikalipa kundi zima la wema, waovu wakawa Malignus. Mtoto wa Kibrazili hakuhitaji kamusi kujua nani ni nani. Ufaransa, Joustra waliiuza kwanza kama Diaclone, madereva wakiwa bado vitini.

Je, wajua kwamba sheria ilimnyang'anya Megatron umbo lake?

Mdoli wa Japani wa bastola uliweza kufyatua vidonge vya plastiki. Marekani uwezo huo uliondolewa. Hata springi za mabomba ya makombora ya roboti wengine zililegezwa, kiasi kwamba kombora lililoruka Tokyo lilidondoka miguuni mwa mpigaji huko Ohio. Walikuwa na sababu nzito: mwishoni mwa miaka ya 1970 mtoto mmoja alikufa baada ya kupaliwa na kombora la mdoli wa kampuni nyingine, na tangu hapo watengenezaji wa Marekani wakawa waangalifu.

Kisha sheria ya mwaka 1988 ikataka bastola za kuchezea ziwe na alama ya rangi kali ya chungwa mdomoni, ili polisi asimuue mtoto kwa kudhani ameshika silaha. Megatron wa P38 alifanana mno na kitu halisi. Mwaka 1993, madukani Marekani, alikuwa kifaru. Japani waliendelea kuruhusiwa kumtengeneza upya kama bastola.

Je, wajua kuhusu ndege ambayo haikuweza kurudi kwao?

Jetfire, ndege nyeupe nzuri kuliko zote, hakutoka Takara. Aliundwa na Takatoku kwa ajili ya katuni ya Macross, na Hasbro ikamkodi. Takatoku ilifilisika mwaka 1984, ndege ikaangukia mikononi mwa Bandai, mshindani wa Takara. Hivyo Jetfire aliuzwa Marekani lakini hakuuzwa Japani alikozaliwa, na kwenye katuni akachorwa upya na kuitwa Skyfire.

Je, wajua kwamba walikuwa na binamu waliotangulia sokoni?

Mwaka 1982 kampuni ya Popy, tawi la Bandai, ilitoa Machine Robo: roboti wadogo wa kutosha kiganjani, wenye chuma ndani, waliouzwa kwa yeni 600 kila mmoja. Bei hiyo ndiyo iliwapa jina, Safu ya 600. Fedha ya mfukoni ya mtoto ilitosha, na hilo naliheshimu. Namba moja katika safu alikuwa pikipiki, Bike Robo.

Marekani wakachukuliwa na Tonka, kampuni iliyosifika kwa malori ya chuma ya kuchezea mchangani, wakaitwa GoBots na kufika madukani kabla ya Transformers. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya waliitwa Robo Machine. Australia, Machine Men. Pikipiki namba moja ilipofika Marekani ilipewa jina Cy-Kill na kufanywa msaliti, kiongozi wa waovu wote. Kwao ilikuwa mtoto wa kwanza.

GoBots walishindwa vita ya madukani, nadhani kwa sababu majina yao yalikuwa ya haraka mno: pikipiki ndogo iliitwa Scooter tu, gari la kasi Turbo tu. Hakukuwa na Bluestreak kati yao. Mwaka 1991 Hasbro iliinunua Tonka yenyewe, na jina GoBots likahamia nyumba ya mshindi. Kalibu zikabaki Japani kwa Bandai: jina upande mmoja wa bahari, mwili upande wa pili.

Je, wajua kwamba dereva alirudi?

Mwaka 1987 walitoka roboti ambao kichwa chao kinachomoka na kuwa kijiroboti kidogo. Midoli ilikuwa ileile kotekote. Marekani ilieleza kwamba mwili ndio roboti hai, na kichwa ni mwenyeji wa sayari ya Nebulos aliyejitolea kuungana naye. Japani ilisema kinyume: kile kichwa kidogo ndiye kiumbe, na lile jitu ni gamba tu lisilo na uhai, analivaa.

Mwaka uliofuata Japani ikasogea hatua moja zaidi. Lori jipya jekundu, ambalo Marekani liliuzwa kama Optimus Prime mwenye nguvu mpya, kwenye katuni ya Kijapani ya Masterforce halikuwa Optimus wala Convoy. Lilikuwa la Ginrai, binadamu, dereva wa lori la masafa marefu, aliyejifunza kuungana nalo likasimama. Kalibu ileile, jekundu lilelile, na ndani yake mtu mwenye mikono iliyozoea usukani.

Na mwaka 2016 Takara Tomy ilifufua Diaclone yenyewe, kwa jina lake la kwanza. Ukifungua boksi unamkuta humo, mdogo kama ncha ya kidole, magoti na viwiko vinakunjika, nyayo zina sumaku. Mweke karibu na chuma, anashika. Mfungulie mlango, anaketi.